Ua la mzoga kibarazani: kulitunza, na kupata matone yake bila kulikata

Tumba la ua la mzoga likianza kuvimba na kuwa kama puto la karatasi lenye pembe tano, andaa chupa zako mapema. Likishafunguka una siku mbili, pengine tatu, kabla halijalegea na kujikunja. Mimi nauza miche na maua ya vyunguni hapa Tabora, upande wa Isevya, na kabla ya hapo nilifanya kazi duka la dawa kwa muda mrefu. Wateja wanaochukua mmea huu kwangu huniuliza mambo mawili: namna ya kuufanya uchanue, na namna ya kutengeneza matone ya maua waliyoyasikia, yaani maji yanayoandaliwa kwa ua na kunywewa matone machache machache kwa ajili ya kutuliza hisia. Naanza na mmea, kwa sababu mengi ya matone hutegemea mmea ulivyokaa chunguni.

Jina lake la kitaalamu ni Stapelia gigantea, alilopewa na mtaalamu wa mimea N. E. Brown wa bustani ya Kew, Uingereza, mwaka 1877. Lakini mmea ni wa kwetu. Asili yake ni Afrika, kuanzia Afrika Kusini hadi Tanzania, kwenye maeneo makavu. Hauna majani. Una mashina ya kijani yenye pembe nne, laini ukiyagusa kwa sababu ya vinyweleo, yanayosimama kiasi cha sentimita 20. Wengi hudhani ni kakti, na wengine huukwepa wakidhani ni ndugu wa mnyaa. Si kakti wala si mnyaa. Ukikata mnyaa unatoka utomvu mweupe unaounguza macho. Ukikata huu unatoka maji maangavu. Hata hivyo nawa mikono baada ya kuushika, na usiuache mahali mtoto mdogo anaweza kuumega akautia mdomoni.

Ua lenyewe ni kubwa kuliko mmea. Ncha hadi ncha hufika sentimita 25, na likipata nguvu hukaribia 40. Ni la manjano hafifu, limechorwa mistari myembamba ya rangi ya damu ya mzee, na pembezoni lina nywele ndefu zinazotikisika kwa upepo mdogo. Harufu yake ni ya nyama iliyooza, na hakuna njia ya kulisema hilo kwa upole. Jua likipanda saa sita mchana, harufu nayo hupanda.

Harufu hiyo ina kazi. Sisi watu wa Tabora tumezoea ua la kumwita nyuki, maana asali ya misitu yetu ya miombo ndiyo inayotutambulisha nchi nzima. Ua hili linamwita nzi. Maua ya jamii hii hutoa kemikali zilezile zinazotoka kwenye mzoga, zikiwemo zenye salfa, na nzi wa kijani huja akitafuta pa kutagia. Anapotembea katikati ya ua, mguu au mdomo wake hunasa kifuko kidogo cha chavua, akaruka nacho hadi ua jingine. Mayai anayoyaacha huanguliwa, lakini funza hawakuti nyama, wanakufa. Kwa hiyo usiogope kwamba ua litakujazia nzi nyumbani. Wale wanaokuja walikuwa tayari mtaani kwako, na ua likinyauka wanaondoka. Nakuomba pia usilipulizie dawa ya wadudu. Inaua nzi waliolifuata ua, na inaharibu maji unayotaka kuyatengeneza.

Jambo la mayai ya nzi likumbuke. Ndilo linaloamua namna tutakavyotengeneza matone.

Kupanda na kutunza

Usinunue mmea mzima kama una jirani aliye nao. Omba shina moja. Lishike chini kabisa, kwenye kiungo linapoungana na mama yake, ulivunje au ulikate kwa kisu kisafi. Kisha liweke kivulini, pakavu, bila udongo na bila maji, hadi kidonda kikauke na kufunga ngozi. Siku tatu hadi saba zinatosha. Watu wengi hawana subira hapa. Wanalichomeka likiwa bichi, wanalimwagilia, na baada ya muda mfupi shina linakuwa jeusi kuanzia chini. Limeoza.

Udongo wake ni mchanga mkubwa wa mtoni sehemu mbili, udongo wa kawaida sehemu moja, na mkono mmoja wa samadi iliyooza kabisa na kukauka. Ukiwa na vipande vidogo vya mkaa, changanya, vinasaidia maji kupita. Mimi hutumia vyungu vya udongo vya wafinyanzi wetu badala ya ndoo za plastiki, kwa sababu chungu kinapumua na unyevu hautuami. Kiwe kipana na kifupi, maana mizizi ya mmea huu haiendi chini, inatambaa. Hakikisha kina tundu. Lilaze shina juu ya udongo au lizamishe kidogo tu, ulishikize kwa kokoto, na usimwagilie hadi wiki ipite.

Mvua zetu za Novemba hadi Aprili ndizo zinazoua mimea hii mingi kuliko ukame wa kiangazi. Chungu kikae chini ya paa la kibaraza, mahali kinapopata jua la asubuhi na mwanga mwingi mchana, bila kulowa. Masika naweza kukaa wiki mbili au zaidi bila kumwagilia. Nachomeka kidole, na kama ndani kuna ubaridi wa maji, naacha. Kiangazi, hasa Septemba na Oktoba jua linapokuwa kali, namwagilia mara moja kwa wiki hivi, kwa kiasi cha kulowesha udongo wote na maji yakatoka chini. Mashina yakigeuka mekundu, jua limezidi, usogeze kivulini kidogo. Yakirefuka na kulegea, mwanga ni hafifu. Juni na Julai usiku wetu hupoa, lakini si baridi ya kuuumiza, mradi udongo ni mkavu.

Ukiona wadudu weupe wenye unga kwenye viungo vya mashina, lowesha pamba kwa spiriti ya kusafishia vidonda uwafute mmoja mmoja. Hiyo ndiyo kazi pekee ya spiriti hiyo katika makala hii, na chini nitaeleza sababu.

Kwangu maua huja mwishoni mwa masika, kuanzia Machi, usiku unapoanza kurefuka. Mmea ukishaweka tumba usiuzungushe wala kuuhamisha chumba, unaweza kuliangusha. Waambie wapangaji wenzako au majirani kabla ya ua kufunguka, uwaonyeshe tumba, watoto waje walione. Mtu akishajua chanzo cha harufu huvumilia siku mbili. Asipojua, mtafukua uwanja mzima mkitafuta panya.

Matone

Matone ya maua kama yanavyojulikana leo yalianza na daktari Mwingereza, Edward Bach, aliyezaliwa mwaka 1886 na kufariki 1936. Alikuwa daktari wa hospitali, mtu wa maabara na bakteria, na mwaka 1930 akaacha kazi yake London kwenda kutafuta mimea mashambani. Alianza kwa wazo la umande unaokaa juu ya ua asubuhi, kisha akaona ni rahisi kuacha maua yaelee kwenye bakuli la maji juani. Aliacha orodha ya aina 38, na moja kati yake, aliyoiita Rock Water, ni maji ya chemchemi bila ua lolote. Stapelia haimo kwenye orodha yake. Waliokuja baada yake, sehemu nyingi duniani, ndio walioongeza maua mengine, kila mmoja na ya kwao.

Njia ya Bach ni kukata maua, kuyaweka yaelee juu ya maji safi kwenye bakuli la kioo, na kuyaacha juani kwa muda wa saa tatu. Kwa ua hili sifanyi hivyo, na nakusihi nawe usifanye. Ua lililotembelewa na nzi waliotoka chooni na jalalani, lenye mayai yao katikati, haliingii kwenye maji atakayokunywa mtu. Hata ukilisuuza. Tena ukilikata umelipotezea mmea kitu ulichokisubiri msimu mzima. Watengenezaji wa matone wana njia nyingine wanayoitumia kwa mimea yenye sumu au iliyo adimu: maji hukaa karibu na ua bila kuligusa. Hiyo ndiyo yetu.

Siku moja kabla, chemsha bakuli dogo la kioo, kipande cha kioo cha kulifunikia, faneli, na chupa za kahawia za dropa zilizofunguliwa. Zichemke dakika kumi na tano, uzigeuze juu ya kitambaa kilichopigwa pasi zikauke. Mipira ya dropa haivumilii kuchemshwa sana. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, isuuze kwa maji yaliyochemshwa. Maji ya kutumia yachemshe na kuyachuja. Ya mvua iliyokingwa vizuri ni mazuri sana. Ya bomba nayo yanafaa, tangu mradi wa Ziwa Victoria ulipotufikia hatuna haja ya kuhangaika, ila yaache usiku kucha kwenye chombo kilichofunikwa kwa kitambaa ili harufu ya dawa ya maji ipungue, kisha uyachemshe.

Asubuhi anga likiwa safi, saa tatu, weka kigoda kando ya chungu, urefu wake ulingane na ua. Ua la Stapelia hutoka chini ya shina na kulala ukingoni mwa chungu, kwa hiyo mara nyingi kigoda kifupi kinatosha. Weka bakuli lenye mililita 100 za maji, lifunike kwa kioo, lisogeze hadi ukingo wa ua ukaribie kugusa bakuli kwa nje. Acha hadi saa sita. Wingu likitanda katikati, ondoa ujaribu kesho yake. Kwa saa hizo tatu mimi huwa nakaa hapo hapo, nachambua miche yangu. Sitoki, kwa sababu ya kuku na watoto, na kwa sababu ukikaa karibu na ua hili kwa muda unaanza kuona vitu: namna nzi anavyozunguka mara mbili kabla ya kutua, namna zile nywele zinavyotikisika. Kwangu hiyo ni sehemu ya kazi yenyewe na siipunguzi.

Saa sita ikifika, funua bakuli mbali na ua ili nzi wasiingie. Mimina mililita 50 za maji kwenye chupa ya mililita 100 na ujazie brandi mililita 50. Huo ni mchanganyiko mama. Andika jina la ua, tarehe, na kilichotumika kuhifadhi. Kutoka hapo, matone mawili kwenye mililita 30 za brandi ndiyo chupa ya akiba. Na kutoka chupa ya akiba, matone mawili kwenye mililita 30 za maji yaliyochemshwa, ukiongeza kijiko kimoja cha chai cha brandi, ndiyo chupa ya mtumiaji. Vipimo hivi vya kuzimua ni vile vya Bach. Mtu hutumia matone manne, mara nne kwa siku.

Kuhusu kileo

Kwa mji wetu hili ni jambo kubwa, na lazima uulize kabla ya kumpa mtu. Mzee mmoja wa Ng'ambo alifuata matone baada ya kufiwa na mkewe. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Mwanangu, kileo hakiingii mdomoni mwangu, hata tone." Nikamwambia, "Ya kwako baba ni ya siki, tangu mwanzo hadi mwisho." Ndivyo ilivyokuwa. Siki ya tufaa huchukua nafasi ya brandi kwenye chupa zote tatu, na chupa zikae kwenye friji. Sharti ni kwamba hata mchanganyiko mama uwe wa siki. Kumpa Mwislamu chupa ya maji iliyotoka kwenye akiba ya brandi, kisha kumwambia haina kileo, ni kumdanganya. Mimi hugawa maji ya bakuli lile lile sehemu mbili siku ile ile, 50 kwa brandi na 50 kwa siki, na vifuniko vyake navitia alama za rangi tofauti.

Glisarini nayo inahifadhi vizuri, lakini iwe ya kuliwa. Ile ya kupaka ngozi inayouzwa madukani kila mahali si ya kunywa. Spiriti ya vidonda usiiguse kwa kazi hii, huwekewa methanoli, na methanoli hupofusha macho na kuua. Gongo vilevile: limekatazwa kisheria, na anayelipika hawezi kukuambia kilichomo. Wapo wanaonishauri asali, kwa kuwa ni ya kwetu na haiozi. Asali haiozi ikiwa nzito. Ukiichanganya na maji inaanza kuchacha, na kila mtu wa hapa anajua wanzuki, pombe ya asali, inavyotengenezwa. Utakuwa umerudi kwenye kileo kwa mlango wa nyuma, na chupa inaweza kupasuka.

Anayetumia metronidazole, dawa ya bakteria na amiba isiyopatana na kileo, apewe ya siki, na pia mjamzito, mtoto, na mtu aliyeacha pombe anayejilinda asirudi.

Ninachowaambia wanaopokea

Nilipokuwa dukani nilijifunza kukokotoa dozi, kwa hiyo hesabu hii naifanya mbele ya kila anayekuja. Matone mawili ni kama sehemu moja ya kumi ya mililita. Ndani ya mililita 30 hiyo ni sehemu moja kwa 300. Ukianza na mchanganyiko mama ulio nusu kwa nusu, ukazimua mara mbili hivyo, maji ya bakuli yamefika sehemu moja kwa 180,000. Na maji yenyewe hayakugusa ua. Kwa kemia, ndani ya chupa kuna maji na brandi au siki. Wanaofuata njia ya Bach wanaamini maji huchukua nguvu ya ua. Tafiti zilizolinganisha matone haya na chupa za bandia, zikapitiwa kwa pamoja, hazikuonyesha kwamba yanazidi bandia. Nalisema hilo waziwazi, na bado nayatengeneza, kwa sababu nimeona anavyobadilika mtu anapopewa sababu ya kusimama mara nne kwa siku, akakaa kimya dakika mbili, akakumbuka alichoamua. Mzee wa Ng'ambo alikuja baadaye kuchukua shina la mmea. Sasa ana chungu chake, na wajukuu humfuata kuangalia tumba.

Watengenezaji huchagua ua kwa kuangalia tabia yake. La mzoga mimi humpa mtu anayejificha mbali na watu, anayeona aibu juu ya jambo ambalo si kosa lake. Namkalisha kwanza kando ya mmea. Ua hili halifichi harufu yake, na kwa harufu hiyo hiyo linaendeleza kizazi chake. Kama ua halijachanua, tunaangalia mashina, na maelezo yanatosha.

Ila aibu nyingine ina dawa hospitalini, na hapo matone yakae pembeni. Mama akija anajificha kwa sababu mkojo au choo kinamtoka bila kujizuia tangu alipojifungua, na harufu imemfanya akimbiwe, hiyo huenda ni fistula ya uzazi. Inatibiwa kwa upasuaji. Nenda naye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete uulize utaratibu; hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imefanya upasuaji wa fistula bila malipo kwa miaka mingi. Usimpe chupa akaenda nayo nyumbani kungoja. Hivyo hivyo kwa mtu asiyelala wiki nzima, anayesema hataki kuishi, au aliyeacha dawa zake za presha, sukari au ARV akitumaini matone. Mrudishe kwenye dawa zake kwanza.

Mimi siuzi matone. Miche nauza, matone nampa anayehitaji. Ukitaka kuuza chochote kwa jina la dawa, kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake. Jisajili kwanza, na usiandike kwenye lebo kwamba chupa inatibu ugonjwa fulani.

Kutunza chupa na mmea baada ya hapo

Mchanganyiko mama wa brandi hukaa miaka kwenye kabati lenye giza. Wa siki uangalie kila mwezi kwenye friji. Ukiwa na ukungu au utando, mwaga. Chupa ya mtumiaji imalizwe ndani ya wiki tatu, na ncha ya dropa isiguse ulimi, ikigusa inaingiza mate kwenye chupa nzima. Maji yaliyobaki bakulini usiyaweke kesho yake, mwagilia miche.

Ua likishanyauka lichume kwa karatasi, lifukie mbali na mlango, funza wamo. Shina lililotoa ua usilikate. Mara nyingi tumba jingine hutokea pale pale chini yake msimu huo huo, kwa hiyo endelea kumwagilia kidogo kidogo hadi Juni, na ndipo umegee jirani shina la kupanda.